Presha ya Saa Nne

Kuna kipindi niliiogopa mikono yangu mwenyewe. Si kwamba ilikuwa inatetemeka. Ingetetemeka ningejua la kufanya, maana mkono unaotetemeka watu wanauona, wanakwambia kaa pembeni kwanza. Yangu ilikuwa imetulia kabisa. Ilichoma sindano, ilitundika dripu, ilikata vitovu, iliandika kwenye mafaili, na mimi mwenye mikono nilikuwa sina habari.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimezaliwa Shinyanga mjini, na mume wangu anafundisha huko shule ya msingi, anaishi na binti yetu na mama yangu mzazi. Kazi ndiyo iliyonipeleka upande wa Runzewe, kwenye kituo cha afya kilichozungukwa na vijiji vya wakulima na maeneo ya wachimbaji wadogo. Nilipanga chumba na sebule umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka wodini. Nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Lilikuwa linaunguruma kutwa nzima, na mwanzoni nililalamika sana kuhusu kelele zake. Baadaye nikawa silisikii tena. Hiyo nayo ingepaswa kunishtua, lakini sikushtuka.

Wodi ya wazazi tulikuwa wauguzi watano. Mmoja akahamishwa, mmoja akaenda kusoma, wa tatu akaenda likizo ya uzazi. Tukabaki wawili: mimi na mama mmoja mtu mzima aliyebakiza miaka michache astaafu, ambaye kituo kizima kilimwita Mama Mkubwa. Tuliambiwa ni kwa muda mfupi. Nilikuwa naingia asubuhi, natoka jioni, nikifika nyumbani napigiwa simu nirudi. Siku nyingine nilikuwa naunganisha usiku na mchana, namaliza zamu yangu na kuanza ya mwenzangu bila hata kuvua viatu.

Uchovu wa kawaida naujua. Unalala, unaamka, umekwisha. Huu ulikuwa mwingine. Nikilala naamka nimechoka zaidi. Nilitia chumvi kwenye chupa ya chai nikainywa hadi katikati ya kikombe ndipo nikagundua. Nilisimama mlangoni kwa jirani nikihangaika na ufunguo wangu kwenye kitasa chake, hadi akanifungulia kwa ndani na kuniuliza kama naumwa. Binti yangu aliniambia kwenye simu, "Mama, hilo umeshaniuliza mara tatu." Nikacheka. Nilipokata simu nililia, na nilipomaliza kulia sikujua nililia nini.

Nilidhani ni mambo ya mwili tu. Nikanunua vidonge vya kuongeza damu.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya gulio, kwa hiyo wagonjwa wa nje walikuwa wengi kupita kawaida. Nilikuwa nimeingia tangu jana yake jioni. Mama Mkubwa alikuwa na ruhusa ya kwenda kliniki yake ya kisukari, nikabaki peke yangu na wazazi tisa. Kwenye kitanda cha mwisho karibu na dirisha kulikuwa na binti wa miaka ishirini, mimba ya kwanza, miezi minane. Alikuwa ameletwa juzi yake na mama mkwe wake kwa sababu miguu na uso vilikuwa vimevimba. Presha yake ilikuwa imepanda kidogo, akaanzishiwa dawa, na daktari wa zamu akaandika kwenye faili kwa kalamu nyekundu: apimwe presha kila baada ya saa nne bila kukosa.

Saa saba mchana nilikuwa nafunga kidonda cha mama aliyechanika wakati wa kujifungua. Yule binti wa dirishani akaniita. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeogopa kusumbua.

"Nesi, kichwa kinaniuma sana. Na macho yanaona ukungu."

Nilikwenda. Nikamfunga kipimo mkononi, nikabonyeza. Namba zilipotokea nilidhani mashine imeharibika. Nikapima tena mkono wa pili. Mia na themanini kwa mia na ishirini. Nikachukua faili lake kuangalia asubuhi alikuwaje, na nikaona mwandiko wangu. Saa nne kamili. Mia na kumi kwa sabini. Na sahihi yangu.

Nilisimama pale nikajaribu kukumbuka. Saa nne nilimkuta amelala ubavu gani? Alisema nini? Sikukumbuka chochote. Ndipo nikakumbuka jambo lingine, na lenyewe lilinijia waziwazi kama mtu ananisomea: kipimo cha presha hakikuwa wodini asubuhi ile. Wagonjwa wa nje chao kilikuwa kimekufa betri, wakaja kuazima chetu saa tatu, na kilirudishwa karibu saa sita. Nilikipokea mwenyewe kwa mkono wangu.

Kwa hiyo sikumpima. Niliandika tu.

Sikupata muda wa kulifikiria zaidi, kwa sababu macho ya yule binti yaligeuka juu, mkono ukakakamaa, na kitanda kikaanza kutikisika. Kifafa cha mimba. Nilipiga kelele ya kumwita daktari. Nikamlaza ubavu, nikamshika taya. Mama mkwe wake alikuwa anatoka bombani na ndoo, akaiachia pale mlangoni, maji yakasambaa wodi nzima.

"Mayu wane! Mayu wane!" alikuwa analia kwa Kisukuma, mama yangu, mama yangu, huku amejishika kichwa.

Mikono yangu ilifanya kazi. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi ninapokumbuka: ilifanya kazi vizuri sana. Ilipata mshipa mara ya kwanza. Ilivuta dawa ya kuzuia degedege kwa kipimo sahihi, ikachoma, ikaweka mpira wa mkojo. Daktari alipofika alikuta karibu kila kitu kimeshafanyika. Aliniambia, "Umefanya vizuri," akakimbilia simu kuita gari la wagonjwa. Ndani ya nusu saa binti alikuwa njiani kwenda Geita kufanyiwa upasuaji, na faili lake likiwa chini ya godoro la machela, na ile saa nne yangu ndani yake.

Nilipiga deki yale maji. Nikaendelea na wazazi wanane waliobaki.

Sikumwambia mtu. Jioni Mama Mkubwa aliporudi na kuuliza habari nilimweleza kila kitu isipokuwa hicho kimoja. Nilikwenda nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu. Nilikuwa najiuliza maswali mawili tu. La kwanza, amekufa? La pili ndilo lililoninyima pumzi: ni mara ngapi? Kama niliandika presha moja bila kupima na sikumbuki, nimeandika ngapi? Wale wote niliowaruhusu kwenda nyumbani wiki ile, mapigo ya moyo ya watoto niliyoandika kwamba nimeyasikia, niliyasikia kweli?

Kujua kama amekufa ilikuwa rahisi. Ningepiga simu Geita, ninao wenzangu niliosoma nao. Siku ya kwanza sikupiga. Ya pili nikaitoa namba, nikaiangalia, nikairudisha. Nilikuwa naogopa jibu lolote. Akiwa amekufa nimeua. Akiwa mzima, basi nitaendelea hivi hivi hadi nitakapoua. Zikapita siku kumi na moja. Kila pikipiki iliyosimama getini nilijua ni polisi, au ni mume wa yule binti, au ni mtu wa wilayani na bahasha. Nilijifunza kutofautisha pikipiki inayopunguza mwendo na inayosimama.

Kazini sikukosa hata siku moja. Ila sasa nilikuwa napima mara tatu kila kitu na bado siamini. Nafunga kabati la dawa, nafika getini, narudi kuangalia kama nimefunga. Namchoma mama sindano, kisha natafuta kichupa kwenye ndoo ya taka nisome tena jina. Kazi ya saa moja ikawa ya saa tatu, wazazi wakawa wananisubiri, na mimi nikawa natoka giza limeshaingia. Chakula kikawa hakina ladha. Mume wangu akipiga simu namwambia niko na mgonjwa hata kama nimekaa peke yangu sebuleni natazama ukuta.

Siku ya kumi na mbili, mchana, pikipiki ilisimama getini na kweli aliyeshuka alinijia mimi.

Alikuwa yule mama mkwe. Amevaa kitenge kipya na kilemba, na kwapani amebeba jogoo mweupe aliyefungwa miguu. Niliona mguu wangu unataka kurudi nyuma.

"Mwadila, mayu," alinisalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekutafuta wewe. Mkwe wangu mzima. Mtoto mzima, mdogo hivi," akaonyesha kwa viganja viwili, "wako Geita bado, lakini ananyonya. Daktari kule ametuambia, huyu nesi wenu asingekuwa mwepesi wote wawili tungewazika. Nimesema nikirudi, kwanza nipite kwako."

Akanikabidhi jogoo kwa mikono yote miwili na kupiga goti. Mwanamke wa umri wa mama yangu alinipigia goti, mbele ya wazazi waliokaa kwenye benchi la kliniki, nao wakapiga vigelegele. Nilisema asante. Nilisema Mungu ni mwema. Nilitabasamu, naambiwa. Yule jogoo alikuwa na joto mikononi mwangu na moyo wake ulikuwa unadunda haraka sana, na mimi niliona kwamba sisi wawili tu ndio tulioogopa pale.

Nilimfunga kwenye nguzo nyuma ya jengo, nikaingia chumba cha dawa nikafunga mlango. Nilikuwa nimekwenda kuchukua nini, sijui. Nilisimama mbele ya kabati lililo wazi. Nilikaa pale nikizitazama zile dawa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kutafuta kitu, na wazo lilikuja, taratibu, bila kelele, kama mtu anayenifahamu ananiambia kwamba ningeweza kupumzika. Kwamba nikiwa sipo, hakuna mzazi nitakayemdhuru. Halikuja kama jambo la kutisha. Lilikuja kama huruma. Na kwa sababu lilikuja kama huruma ndiyo maana nilipolitambua niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Nilifunga kabati. Nikatoka mbio. Mama Mkubwa alikuwa anakunja shuka. Nikamwekea funguo za dawa juu ya zile shuka.

"Kaa nazo wewe."

"Nina kazi na funguo zako mimi? Zamu yako hii."

"Mama Mkubwa, kaa nazo. Leo usinipe hata nikikuomba."

Alinitazama. Aliacha shuka ikaanguka chini. Alichukua funguo akazitumbukiza ndani ya sidiria yake, akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama anavyomshika mzazi anayetaka kukimbia kitanda cha kujifungulia. Akaniketisha kwenye kiti chake. Akaita mhudumu asimame wodini.

"Sema."

Nilisema. Presha ya saa nne, kipimo kilichoazimwa, siku kumi na mbili, jogoo, kabati. Nilitegemea atapiga ukelele au atanisogelea na maneno ya dini. Hakufanya hivyo. Aliiokota ile shuka chini, akasema:

"Mwaka wangu wa tisa kazini niliacha kula. Nikawa nikiona mjamzito anashuka kwenye baiskeli nakwenda kujificha chooni. Niliwaambia watu nina malaria. Nilimeza dawa za malaria nusu mwaka." Akavuta pumzi. "Hakuna aliyeniuliza. Na mimi nilipokuona unarudi kuangalia kabati mara tano tano nikajisemea, huyu ana yale yale. Nikanyamaza. Kwa hiyo na mimi nina langu kwenye hili."

Usiku ule nililala kwake. Asubuhi hakuniruhusu kwenda popote kabla hatujaingia pamoja kwa inchaji, yule kijana anayesimamia kituo. Ni mdogo kwangu kwa miaka sita au saba na huniita dada. Nilimweleza tena yote. Aliinuka akafunga dirisha.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Mama Mkubwa tu."

"Dada, sikiliza. Mgonjwa kapona. Mtoto kapona. Faili liko Geita, hakuna atakayelifungua tena. Ukiandika barua wataniuliza mimi kwa nini wodi ina watu wawili. Pumzika siku mbili, yaishe."

Nakiri nilitamani yaishe. Miguu yangu ilianza kuinuka. Aliyebaki ameketi ni Mama Mkubwa.

"Na wakikuuliza kwa nini wodi ina watu wawili," alimwambia, "utajibu nini?"

Niliona jasho juu ya mdomo wa inchaji. Nikatambua kwamba na yeye alikuwa anasikiliza pikipiki zinazosimama getini, ila zake zilikuwa na watu wengine. Mwishowe akanisogezea karatasi. Nikaandika. Ukurasa mmoja na nusu. Siku hiyo hiyo mume wangu, ambaye Mama Mkubwa alikuwa amempigia simu, alikuja na gari la mwalimu mwenzake, akanichukua hadi Shinyanga. Njia nzima alikuwa ameweka mkono wake mmoja juu ya goti langu na hakuutoa hata tulipopita matuta.

Shinyanga nilipelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Naye ni muuguzi kwa asili, mwanamume mpole mwenye mvi, na chumba chake kilikuwa jirani na mahali pa kufulia mashuka, kwa hiyo tuliongea huku tunasikia maji. Aliniuliza maswali mengi kuhusu usingizi na chakula na lile wazo. Aliniambia ninachoumwa kinaitwa sonona, na kwamba uchovu ulikuwa umeifungulia mlango. Akanipa dawa. Akanipangia niwe naenda kila wiki, na akamwambia mume wangu mambo ya kuangalia nyumbani, mbele yangu, bila kunong'ona.

Nilipokwenda mara ya pili nilimwambia ninachotaka.

"Niondolee hii hofu nirudi kazini."

"Siwezi."

Nilimtazama.

"Binti yako akija kujifungua siku moja," akasema, "ungependa apimwe na muuguzi asiyeogopa chochote?"

"Hapana."

"Basi. Hofu yako inatokana na kwamba unawajali hao wazazi. Umekuwa ukishindana nayo usiku na mchana, unaikagua, unaifungia kabati. Ndiyo inayokuchosha sasa, kuliko hata zamu. Tujaribu kuiacha ikae kwenye kiti chake, wewe ufanye kazi yako."

Niliona ni maneno mazuri ya mtu anayelala usiku. Lakini alinifundisha jambo moja dogo ambalo nililidharau na bado nalitumia. Nilikuwa nasema, "Nitaua mtu." Akaniambia niseme, "Limenijia wazo kwamba nitaua mtu." Nikaona hakuna tofauti. Akaniambia nikajaribu nyumbani. Nilikuwa nachambua mchele kwa mama, wazo likaja kama kawaida yake, na nikalisema kwa sauti kwa namna aliyonifundisha. Mama akauliza, "Umesemaje?" Nikamwambia, wazo tu limenijia. Mama akasema, "Litapita, angalia kokoto." Na niliangalia kokoto. Wazo halikuondoka, lilikaa kama nusu saa, ila mchele niliumaliza.

Kulikuwa na wiki mbaya pia. Kuna asubuhi nilishindwa kuoga, na binti yangu wa miaka minane aliniletea beseni na taulo chumbani akakaa mlangoni akinisubiri, uso wake mzito wa mtu mzima. Naogopa alichokiona kwangu kipindi kile. Siwezi kukifuta.

Wilayani waliniita. Nilikaa mbele ya meza yenye watu wanne wenye karatasi yangu, nikajibu kila swali. Nilipewa onyo la maandishi, nikawekwa chini ya usimamizi kwa kipindi fulani. Mmoja wao, mama mwenye miwani, aliuliza ratiba ya zamu ya mwezi ule iletwe. Ilipoletwa aliisoma muda mrefu, akampa aliyekaa karibu naye, naye akaisoma. Baadaye tuliletewa muuguzi mmoja. Tulikuwa tumeomba watatu.

Nilirudi kazini kwa kuanzia kliniki ya watoto, mchana tu. Huko ndiko nilikomwona tena yule binti wa dirishani. Alikuja na mama mkwe kwa chanjo, mtoto amefungwa mgongoni, mashavu yamejaa. Nilikuwa nimejua kwamba siku hii itafika na nilikuwa nimeamua. Nilipomaliza kumchoma mtoto niliwaomba wabaki, nikafunga mlango, nikawaambia. Niliwaambia kwa maneno mepesi ili wasidhani najificha nyuma ya utaalamu: siku ile saa nne sikukupima, niliandika uongo, ningekupima huenda usingefika pale ulipofika.

Mama mkwe alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akatazama mikono yangu.

"Kwa hiyo yule jogoo tulikupa bure," alisema.

"Ndiyo, mama."

Hakucheka. Sikujua kama angesimama na kwenda kupiga kelele uwanjani, na alikuwa na haki. Lakini aliyeongea ni yule binti, kwa ile sauti yake ya chini.

"Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Sikuwa nimelala. Nilikuona umesimama pale kati ya vitanda na faili, unaandika, macho yamefumba nusu. Halafu ukaondoka. Nilitaka kukuita, nikaogopa utanifokea. Nikasema labda siku hizi mnaona kwa macho tu."

Nimeshachomwa na maneno mengi katika kazi hii, na mengine nilistahili. Hakuna lililoingia kama lile. Wakati mimi naogopa mikono yangu, kulikuwa na mtu aliyelala hatua nne kutoka kwangu, kichwa kinaanza kumuuma, ananiogopa mimi.

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Nikija tena kujifungua nitakuita hata kama utanifokea." Mama mkwe akamwinua, akaniambia tu, "Haya, mayu," wakaondoka. Kwa wiki nzima nilitegemea watarudi na mume au na mjumbe. Hawakurudi, ila chanjo zilizofuata walimleta mtoto kama kawaida, na mama mkwe aliniitikia salamu kwa mkato.

Wodini nilirudishwa baadaye. Siku ya kwanza nilimfunga mama mmoja kipimo mkononi, na nilipokuwa nasubiri namba nilijisikia mwili wote unataka kukimbia. Nikamwambia yule mama, "Sijakuuliza, leo unajisikiaje? Ukiona nimekupita bila kukupima, niite kwa jina la nesi, niite kwa nguvu." Akanishangaa. Sasa namwambia kila anayelazwa. Wengine wanacheka, mmoja aliwahi kuniita mara sita kwa siku, na mara ya sita alikuwa na sababu.

Dawa nilizitumia hadi mtaalamu aliposema niziache taratibu. Bado naenda Shinyanga kumwona nikipata nafasi. Mama Mkubwa amestaafu. Analima mpunga, na ananipigia simu kila Jumapili kuniuliza nimekula nini, siyo nimekula au la, ila nimekula nini, ili nisimdanganye.

Wiki iliyopita muuguzi wa zamu ya jioni hakutokea, na inchaji akaniomba niunganishe. Nilikuwa kazini tangu usiku. Nilimwambia, "Siwezi. Leo nikibaki si salama." Alikasirika, hata kama alijua. Aliuliza, "Sasa nani?" Nilichukua begi langu nikaondoka huku nasikia mtoto mchanga analia nyuma yangu na mlango mmoja unagongwa na upepo. Nyumbani nilijilaza na simu kifuani, sikuizima. Niliogopa ingeita na niliogopa isingeita. Karasha lilikuwa linaunguruma nyuma ya ukuta na nililisikia vizuri, kila jiwe. Nilijiambia limenijia wazo kwamba kuna mtu anakufa wodini kwa sababu nimelala. Wazo likakaa pale. Baadaye, sijui saa ngapi, nililala.